Napinga kwa Heshima

Siku ile mjinga alikuwa Kisigino mwenyewe, na ni afadhali lisemwe mapema kabla hajatafuta wa kumsingizia. Aliamka na kesi, akanywa chai na jibu, na kabla jua halijasimama vizuri alikuwa katikati ya sebule ya watu akiwa ameshika nyundo, hajui aiweke wapi.

Walimwita Kisigino kwa sababu katika miaka yote ya upelelezi, ya kufuata watu, viatu vyake viliisha kwa nyuma. Alishamfuata mume wa mtu hadi msibani akalia kuliko wafiwa, alishamfuata mwizi wa ng'ombe hadi kwa daktari wa meno na kutoka huko na jino pungufu. Lakini hakuwahi kufuata mtu asiye na miguu. Washukiwa wa safari hii walikuwa maandishi matupu.

Mambo yalianzia ofisini kwa Mratibu, chumba kidogo chenye kompyuta tatu na dirisha moja lisilofunguka. Mratibu alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na msimamo wake. Aliendesha kozi ya mtandaoni ya malezi ya watoto wachanga, wanafunzi zaidi ya elfu tisa, hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Walikutana kwenye jukwaa la majadiliano tu, kila mtu na jina la kubuni, kila mtu anatafuta alama.

"Mwaka jana," Mratibu alisema, "kila mtu aliandika 'nakubaliana nawe kabisa, umeeleza vizuri.' Ukurasa baada ya ukurasa. Ungedhani ni kikao cha harusi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka sheria. Kukubali hakuna alama. Alama unapata ukipinga, na upinge kwa heshima."

"Ikasaidia?"

Mratibu aligeuza kioo cha kompyuta. Mama mmoja alikuwa ameandika: *Habari za asubuhi, wanafunzi wenzangu.* Chini yake, mstari kwa mstari hadi macho yachoke, watu walikuwa wamejibu: *Napinga kwa heshima.*

"Yule mama alirudi?" Kisigino aliuliza.

"Alirudi akaandika 'asanteni.' Wakapinga na hiyo."

Katikati ya jangwa hilo palikuwa na mahali pamoja tu ambapo watu walikuwa wanaongea kweli. Mmoja alijiita Pilipili, mwingine alijiita Kobe. Tangu wiki ya kwanza walikuwa wameshikana mashati, na wanafunzi wengine waliacha kazi zao wakaja kutazama kama watu waliosikia ngumi imepigwa nyuma ya soko. Kisigino alisoma kwa sauti.

Pilipili: *Mtoto akilia, angalia nepi, angalia njaa, angalia joto. Ukikimbilia kumbeba, anazoea mikono.*

Kobe: *Nakusalimu kwanza, maana wewe hujui kusalimu. Mtoto akilia mbebe, maswali baadaye. Anazoea mikono? Na mikono umepewa ya nini, ya kuhesabia?*

Pilipili: *Mambo ya zamani hayo. Rudi darasa la kwanza. Kwa heshima.*

Kobe: *Darasa la kwanza nililisoma kabla baba yako hajaota ndevu. Kwa heshima na wewe.*

"Wazuri hawa," Kisigino alisema.

"Wazuri mno. Hapo ndipo shida ilipo." Mratibu alisogea karibu. "Wanafunzi wa kweli hawajadiliani hivi. Nimelisomea jambo hili miaka sita. Huyu ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Anajipinga mwenyewe, anajipa alama mwenyewe."

Wiki moja baadaye, asubuhi, Kisigino alirudi ofisini akavuta kiti. Alikuwa ameshafanya kazi yake, na alipenda kuisimulia taratibu, kama mtu anayemenya chungwa.

"Moja," alisema. "Wote wawili wanaingia kwa laini moja ya mtandao. Nyumba moja hiyo. Mbili, hawajawahi kuwa ndani kwa pamoja. Pilipili akitoka, Kobe anaingia. Kobe akitoka, Pilipili huyo. Tatu, Pilipili aliandika kwamba anamjua mtoto asiyelala mpaka asikie feni. Kobe naye, siku nyingine, mada nyingine kabisa: kuna mtoto hapati usingizi mpaka feni iwashwe. Watoto wangapi duniani wana ugonjwa wa feni?"

"Na ya nne?"

"Ya nne niliitega mwenyewe." Hapa Kisigino alijishika kola. "Nilijiandikisha. Nikajiita Baba Mpya. Nikauliza: mtoto wangu ana wiki mbili, amekataa nyama, nifanyeje?"

Mratibu alimtazama. "Wiki mbili?"

"Ulikuwa mtego," alisema Kisigino, ingawa ukweli ni kwamba alikuwa hajui. "Sikiliza majibu. Pilipili: *Mtoto wa wiki mbili hana meno. Wewe una kichwa?* Kobe: *Mwanangu, nakusalimu. Huyo ni maziwa ya mama tu. Nyama kula wewe, huenda ikapanda kichwani.* Umeona? Tangu kozi ianze ndiyo mara ya pekee wamekubaliana. Walikasirika wakasahau kupingana. Hicho ni kichwa kimoja, Mratibu. Kesi imefungwa."

Mratibu alibonyeza kitufe mara mbili. Akaunti ya Pilipili ikafungwa, na ya Kobe ikafungwa.

"Mjadala wa mwisho unafungwa leo jioni," alisema. "Asiyeingia ameanguka, cheti hakuna. Ila kamati yangu haitosheki na feni. Inataka mtu akiri kwa mdomo wake."

"Anwani ipo?"

"Pilipili ameandika ya nyumbani, cheti kimfuate huko. Kobe ameacha wazi. Ameandika: *Nitakuja kuchukua mwenyewe, msinitumie nyumbani kwa hali yoyote.*"

Mpelelezi mwingine angeishika sentensi hiyo na kuigeuza juu chini. Kisigino aliipita kama gari la harusi linavyopita kituo, akaenda kuazima sanduku la vifaa kwa jirani yake seremala.

*

Nyumba ilikuwa ya tatu kutoka kwa kinyozi, geti la bati, kamba ya nguo imejaa nepi kama bendera za mkutano. Alibisha hodi. Sauti ya mwanamke ilijibu kutoka ndani, chini chini, ya mtu mwenye mtoto aliyelala.

"Nani?"

"Fundi wa mtandao."

"Sijaita fundi."

"Mtandao umejiita wenyewe, dada."

Mlango ulifunguliwa nusu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kanga kiunoni, maziwa yamechora ramani begani. Alimtazama usoni, akamtazama mkononi.

"Fundi wa mtandao anakuja na nyundo?"

"Kuna mitandao migumu."

Alimruhusu kwa sababu alikuwa na shida, na mwenye shida hachagui fundi. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, na kwenye meza ndogo palikuwa na tableti inachajiwa. Pembeni, ndani ya kitanda cha mbao, mtoto amelala chali, mikono juu kama mtu aliyeamriwa na polisi. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Feni ilikuwa inazunguka.

Kisigino aliitazama feni kama mtu aliyekutana na shahidi wake.

"Tangu asubuhi darasa limenifungia nje," yule dada alisema. "Nimejaribu mpaka vidole vimechoka. Na Jumatatu natakiwa nipeleke cheti kile kituo cha kulea watoto pale kona. Mwenye kituo kaniwekea nafasi mwezi mzima. Jana kaniambia, Jumatatu bila cheti, Jumanne anampa mwingine. Tengeneza hiyo kitu, fundi, nakuomba."

Kisigino alikigonga kile kiboksi cha mtandao ukutani kwa mpini wa nyundo, taratibu, kama daktari anayegonga kifua.

"Huko darasani unatumia jina gani?"

"Pilipili."

Hakupepesa hata jicho. Kisigino aliona huyu ni sugu.

"Na Kobe je?"

Dada alinyanyua uso. "Kobe kafanya nini tena?"

"Unamjua?"

"Namjua kuliko ninavyomjua mume wangu. Mume wangu yuko safarini, nyumbani anakuja kwa msimu. Kobe yuko kila siku. Mzee mmoja mbishi, hana kazi, nadhani wake zake wamemfukuza wote. Ningempata ningemwambia."

Anaigiza vizuri, Kisigino alijisemea, na akaamua kuutoa mtego wake wa mwisho.

"Lakini mzee huyo ana hoja. Mtoto akilia mbebe, maswali baadaye."

"Halafu ajifunze nini?"

"Ajifunze kwamba akilia anabebwa. Mikono umepewa ya nini, ya kuhesabia?"

Dada aliweka chini nepi aliyokuwa anaikunja. Alimzunguka polepole, akaichukua ile nyundo mkononi mwake bila kuomba, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hayo maneno aliniandikia Kobe," alisema. "Neno kwa neno. Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi?"

"Nyumba yangu umeijuaje? Umenifuata mpaka hapa kwa ajili ya kubeba mtoto? Mtu mzima na ndevu zako?"

Katika kazi yake yote Kisigino alishawahi kushukiwa wizi, uchawi na kutaka kuoa. Hakuwahi kushukiwa kuwa ndiye mtu anayemtafuta. Alifungua mdomo kujitetea, na hapo geti la bati likalia.

Dada alibadilika kabla geti halijajifunga. Nyundo ilienda nyuma ya kochi, sauti ilishuka, mabega yalishuka, na yule Pilipili wa sekunde moja nyuma akawa maji ya mtungini.

"Mama, karibu. Pole na jua."

"Hakuna jua, mwanangu. Asante." Aliyeingia alikuwa mama wa makamo yaliyoshaanza kuaga, mnene, mwenye kikapu na mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa kwa sababu mambo humsubiri yeye. "Na huyu?"

"Fundi, mama. Wa mtandao."

"Shikamoo mama," alisema Kisigino.

"Marahaba." Alimkagua kuanzia kichwani. "Viatu vyako vimeisha kwa nyuma, baba. Unaburuza miguu."

Kisha akamgeukia mkamwana wake. Alisema mtoto amefunikwa kidogo. "Ndiyo, mama," akajibiwa, na shuka haikusogezwa. Alisema mtoto ahamishwe mbali na dirisha. "Ndiyo, mama." Kitanda kilibaki pale pale. Kisigino alishuhudia "ndiyo, mama" nne za namna hiyo, na hakuna hata moja iliyoinua kitu. Halafu dada akatoka kwenda kuanua nepi uani.

Mama mkwe alingoja mlango wa nyuma ujifunge. Alisogea mpaka kikapu kikamgusa Kisigino tumboni.

"Fundi. Na madarasa unafungua?"

"Madarasa gani, mama?"

"Sema polepole. Nina darasa langu humo," alionyesha tableti kwa kidevu. "Asubuhi limenigomea. Mke wa mwanangu anadhani huwa nasikiliza redio, na iwe hivyo hivyo. Nimelea watoto saba mimi. Akijua nasomea kuogesha mtoto, huu uso nitauweka wapi?"

Kisigino aliitazama tableti, kisha akaitazama feni.

"Kama umelea saba, mama, unasoma ya nini?"

"Umemsikia hapo? Kila ninalosema, 'ndiyo, mama,' halafu anafanya lake. Siwezi kugombana naye. Mkwe ni mkwe, nikipandisha sauti mwanangu atasikia huko aliko. Basi nikasema, na mimi nikachukue cheti. Cheti mtu hakiambii 'ndiyo, mama.'"

"Na jina lako huko ndani?"

"Kobe."

Kisigino alikaa. Kiti hakikuwepo.

"Polepole, baba," alisema mama mkwe, akimtazama pale sakafuni bila mshangao. "Kobe akiinama ujue anatunga sheria. Nililipenda jina. Sasa nisikilize. Kuna kibinti humo kinaitwa Pilipili. Hakina salamu, hakina adabu, kila siku kinanirudisha darasa la kwanza. Sijui kimelelewa na nani. Na sijui mama mkwe wake anakivumiliaje."

Kutoka pale chini, mambo yalionekana vizuri sana. Tableti moja, kwa zamu: huyu akienda uani, yule anaingia darasani. Mtoto mmoja, feni moja, bibi na mama. Na cheti kisitumwe nyumbani kwa hali yoyote, kwa sababu nyumbani ndiko alikokuwa mtu asiyetakiwa kukiona. Yote alikuwa nayo tangu asubuhi. Aliyapanga vizuri kabisa, akayasoma kichwa chini.

*

Alimpigia Mratibu akiwa nje, amejibanza kati ya ukuta na tangi la maji.

"Wako wawili," alisema.

"Asubuhi ulisema mmoja. Ulisema kesi imefungwa."

"Asubuhi nilikuwa mjinga."

"Na sasa?"

"Sasa ni mjinga mwenye mashahidi. Mama mkwe na mkamwana. Kila mmoja anadhani mwenzake ni mtu wa mbali. Fungua akaunti zao, huyu msichana ana kazi inamngoja Jumatatu."

"Mzee wangu," Mratibu alisema kwa upole wa mtu anayemwambia mlevi njia ya kwao, "huyo tapeli kakuonyesha bibi, na wewe ukaamini. Nataka niwaone. Nyuso mbili, wakati mmoja, simu ya video, na swali nitauliza mimi."

"Wakati mmoja haiwezekani. Hawajui."

"Watu wanaishi nyumba moja, hawajui?"

"Mratibu, wewe una mke?"

"Ninaye."

"Na mama yako anaishi nanyi?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa polepole.

"Vyumba viwili," Mratibu alisema hatimaye. "Waweke vyumba viwili."

Kisigino alirudi ndani akamkuta Pilipili kwanza. "Dada, mimi si fundi. Natoka chuoni."

"Nilijua. Nyundo."

Alimwambia kwamba chuo kinataka kumjaribu kwa video kabla ya kumfungulia, na kwamba aingie chumbani na tableti, afunge mlango, asiseme na mtu. Kisha akamfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, mimi si fundi. Natoka chuoni."

"Nilijua. Fundi wa kweli angeshaomba chai."

Alimpa simu yake mwenyewe, akamfundisha mahali pa kutazama, akamfungia mlango wa jikoni. Mratibu angewapigia kwa kompyuta mbili tofauti, wasikiane ila wasionane. Kisha akasimama kwenye korido katikati ya milango miwili, mikono imenyooka huku na huku, kama polisi wa barabarani aliyeambiwa magari mawili yasionane. Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukuta kati ya jikoni na chumba ulikuwa wa mbao nyembamba iliyopakwa rangi.

"Wote mko tayari?" Sauti ya Mratibu ilitokea milango yote miwili. "Swali. Mtoto analia. Hatua ya kwanza ni ipi?"

"Kuangalia nepi," ilisema kushoto.

"Kumbeba," ilisema kulia.

"Napinga kwa heshima," ilisema kushoto. "Huyo ndiye Kobe? Bwana Kobe, salamu."

"Leo umejua kusalimu," ilisema kulia. "Na mimi si bwana."

"Hata kama ni bibi. Ukimbeba kabla hujajua tatizo, utakuwa umelibeba na tatizo."

"Afadhali nilibebe, kuliko nisimame nikilisoma kama tangazo ukutani."

"Mambo ya zamani."

"Na wewe ulizaliwa kwa mambo hayo hayo ya zamani, hukuletwa na..."

Sauti ilikatika. Kisigino alijua kwa nini. Kila neno la jikoni lilikuwa linaingia chumbani mara mbili, mara moja kwa tableti na mara moja kwa ukuta, ya ukuta ikitangulia. Sauti ya mtu unayekula naye meza moja huwezi kuisikia mara mbili ukaendelea kusema ni ya mgeni.

"Mama?" ilisema kushoto, polepole.

Milango ilifunguka yote. Pilipili alitoka na tableti imebanwa kifuani, mama mkwe alitoka na simu ameishika kama sahani, na Kisigino, aliyekuwa katikati, alijifanya ukuta.

"Halo?" alisema Mratibu kutoka mikono yote miwili. "Halo? Mbona nawaona mmeinama?"

Walitazamana. Mama mkwe ndiye aliyetangulia.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenirudisha darasa la kwanza."

"Nilisema kwa heshima, mama."

"Uliiweka mwishoni. Kama sukari kwenye dawa, mtu ameshameza ndipo unampa."

"Na mama ndiye uliyeniuliza kama mikono ni ya kuhesabia."

"Nilimuuliza Pilipili. Wewe ningekuuliza vipi? Wewe ni mkwe wangu."

Pilipili aliishusha tableti. "Siku ile nilipoandika kwamba mtoto amekataa kunyonya na sina wa kumuuliza. Watu wote wakaandika wanapinga. Mmoja tu akanieleza nifanyeje, nimshikeje, na akasema nisiogope."

"Niliandika mimi."

"Haikuwa na alama ile."

"Najua haikuwa na alama. Nilimwonea huruma. Nikasema, maskini binti wa watu, huyu hana mtu karibu."

"Na mama ulikuwa chumba cha pili."

"Nilikuwa kwenye kochi," alisema mama mkwe. "Wewe ulikuwa uani unaanika. Niliona umerudi unacheka, nikadhani mume wako kapiga simu."

Mtoto alichagua dakika hiyo kuamka. Alilia mara moja, kilio cha majaribio, na wanawake wawili wakamwacha Kisigino na vifaa vyote viwili mikononi, wakakimbia. Mama mkwe alifika wa kwanza akambeba. Pilipili alifika wa pili, akaingiza kidole kwenye nepi mtoto akiwa huko huko juu begani. "Mkavu," alisema. "Njaa tu," alisema mwenzake. Mtoto, ambaye hakuwa amesajiliwa kozi yoyote, alinyamaza.

Kisigino aliwaelekezea kamera. "Umeona nyuso mbili, Mratibu? Au uhesabu tena?"

"Nimeona," alisema Mratibu. "Na nimeona zaidi. Watu wawili wa nyumba moja, kila wiki mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile, na wote wanapata alama kamili. Hii ina jina lake. Ni kupanga majibu, na adhabu yake ni ile ile."

"Sikujua kama ni yeye," alisema Pilipili.

"Kila anayekamatwa hajui."

"Kaka, Jumatatu mimi natakiwa kazini. Nimesoma mtoto akiwa begani, nimeandika kwa kidole kimoja. Nikose kwa sababu ya mtu niliyebishana naye?"

"Mratibu," Kisigino aliingilia, "wewe mwenyewe ulitaka watu wapingane. Umepata elfu tisa wanaopinga salamu, na wawili wanaopinga jambo. Unataka kuwafukuza hao wawili."

"Wewe nyamaza, asubuhi ulisema ni mmoja." Mratibu alikohoa, na kwenye kioo shati lake lilionekana limeanza kukata tamaa. "Mimi nina kamati. Kamati itauliza: mama mkwe na mkamwana, paa moja, tableti moja, walishindwaje kukaa mezani wakagawana maneno? Nipeni sababu moja ya kuamini hamkupanga. Moja tu. Kidole changu kiko kwenye kitufe, nikiridhika nafungua zote mbili sasa hivi."

Pilipili alimtazama mama mkwe wake.

Mama mkwe alimhamishia mtoto bega la pili. Alinyoosha mkono, akachukua simu kutoka kwa Kisigino, akaondoka nayo taratibu hadi jikoni, wote wakimfuata nyuma kama msafara. Akaigeuza juu ya sinki, ambamo sufuria za asubuhi zilikuwa zimepandana na sufuria za jana, na juu yake vikombe, na juu ya vikombe sahani, mnara mzima umesimama kwa kudra.

"Tazama vizuri, mwanangu," alisema. "Mimi na huyu tungekuwa tunajua kupanga, ungekuta hivi vyombo vimeoshwa."